Maalim wa Kadi na Neno Longaniza

Mwaka 2009, mwishoni mwa kiangazi, joto la Maskati likiwa limeanza kulegea lakini halijaondoka, nikiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, niliingia darasani kwa mara ya kwanza maishani mwangu na kumkuta yeye amesimama mbele ya ubao mtupu. Alikuwa akisubiri mmoja wetu aandike tarehe. Tulikuwa wanawake kumi na tisa, wote watu wazima, wengi wetu tumezaliwa Unguja tukaletwa Oman ujanani, tunajua kusoma Msahafu na hatujui kuandika barua. Alinichagua mimi, nadhani kwa sababu nilikuwa mrefu kuliko wote.

"Bi mkubwa, umekuja kusoma au umemsindikiza mwanao?"

"Mwanangu keshasoma, Maalim. Nimebaki mie."

"Basi njoo utuandikie leo tarehe ngapi."

Siku niliijua; mkono ndio haukujua. Wenzangu walianza kuchekea ndani ya mitandio yao. Yeye hakucheka. Aliichora tarehe ile hewani kwa chaki, pole pole, tarakimu baada ya tarakimu, nami nikaifuata ubaoni mpaka nikaimaliza. Tangu siku hiyo sijaandika kitu, hata orodha ya vitu vya kununua, bila ya kutanguliza tarehe.

Jina lake silitaji. Nasaba yake pia naiacha. Yeye mwenyewe aliisimulia mara nyingi kiasi cha kutosha. Ninamwandika kwa sababu nilimheshimu miaka kumi na miwili kabla ya kujua alichonifanyia, na heshima ile haikuondoka yote. Ingeondoka yote, ningepumzika.

Alikuwa mkaguzi wa shule aliyestaafu, mwembamba, kanzu yake nyeupe daima ina doa la risasi ya kalamu mfukoni. Kalamu ya wino hakuitaka. Alisema wino humfanya mtu aone haya kujisahihisha. Kalamu zake za risasi alizichonga kwa wembe, na maganda yake akayaweka katika kisahani mbele yake, akiyahesabu kwa kidole huku anakusikiliza, hivyo ukadhani hakusikilizi. Alikuwa anasikiliza. Neno ulilolitamka vibaya saa tatu asubuhi alikurudishia saa sita, mbele ya watu.

Kadi zake zilikuwa mashuhuri. Alizihifadhi katika visanduku vya viatu, na kisanduku cha kazi ya wiki ile alikiweka katika kiti cha mbele cha gari lake, kimefungwa mkanda. Mkewe alikaa nyuma. Nimeona hivyo kwa macho yangu, nje ya karamu ya arusi moja kule Qurum: Maalim anashuka, anazunguka, anamfungulia mlango mkewe kwa adabu kubwa, kisha anarudi mbele kukifungua kisanduku mkanda wake. Mmoja wa wanafunzi wenzangu alimwuliza mkewe kama haoni vibaya.

"Nione vibaya nini?" alisema yule bibi. "Huko nyuma nalala."

Nilipopata cheti changu cha kisomo cha watu wazima, tarehe 26 Juni 2013, alinikaribisha katika baraza yake ya Jumapili asubuhi, nyumbani kwake Qurum, ambako wanafunzi wake watano wa zamani walikusanya maneno ya jikoni. Nia yake ilikuwa kuandika kitabu cha majina ya vyakula na vyombo tulivyovitumia Unguja, pwani na hapa Oman, na kueleza kila jina limetoka wapi. Kanuni yake ilikuwa moja. Juu ya kadi liandikwe neno. Chini yake maana. Chini ya maana, sanad: nani kakwambia, na huyo naye kaambiwa na nani, mpaka ufike kwa mtu wa kwanza unayeweza kumtaja, kama wanavyofanya watu wa hadithi za Mtume. Mwisho tarehe. Kadi isiyo na sanad hakuipokea. Na kadi iliyokwisha kuingia kisandukuni haitoki wala haichanwi, hata ikigunduliwa kwamba ina kosa. Hupigwa mstari mmoja, ili kosa lenyewe lisomeke, na kadi ya kulisahihisha huwekwa nyuma yake.

Siku moja mwenzetu alileta jina la chombo cha kuchujia tui.

"Nani kakwambia?" Maalim akauliza.

"Maalim, hili sote twalijua."

"Sote yukoje? Mnene, mwembamba? Anakaa wapi?"

"Sote, Maalim. Watu wote."

"Mie Sote simjui. Nenda kanitafutie mtu."

Yule bibi aliondoka na kadi yake, akarudi baada ya wiki tatu na jina la shangazi yake wa Wete. Maalim aliandika jina la shangazi kwa mkono wake mwenyewe, kwa herufi kubwa kuliko za neno lenyewe. "Huyu," alisema, "sasa hafi." Nilitoka pale nimejaa fahari ambayo sasa naionea uchungu. Niliamini kwamba hapa duniani nimepata mahali pamoja ambapo mwanamke aliyechelewa kusoma, akisema jambo la kweli, ataandikwa kwa jina lake.

Wema wake lazima niuseme, ingawa unanikera kuusema. Mume wangu alipougua, mwaka 2015, Maalim alikuja nyumbani kwetu Mabela kila Alkhamisi, asikose hata moja, mwendo wa gari wa zaidi ya nusu saa kwa mtu ambaye macho yake yalikwisha kuwa hafifu. Alivua viatu mlangoni, akaketi upande wa miguu ya kitanda, akamsomea mgonjwa gazeti. Siasa za dunia alizisoma kwa Kiarabu. Vifo na ajali alivifasiri kwa Kiswahili, akivipunguza ukali. Mume wangu alikuwa hasemi sana siku zile. Siku moja alisema, "Maalim, leo hakufa mtu?" Maalim akakunja gazeti, akajibu, "Leo wamepumzika," nao wakacheka wote wawili mpaka nikaja kuangalia kuna nini. Mtu aliyefanya hivyo ndiye huyu huyu ninayemshitaki. Sina Maalim wawili.

Katika nyumba ile alikuwapo pia Sista. Ndivyo tulivyomwita, kama wanavyoitwa wauguzi hapa: mwanamke wa Kifilipino, wa umri wa miaka arubaini hivi, aliyeletwa na wakala kumhudumia mume wangu. Alifika kwetu tarehe 17 Agosti 2015. Mgonjwa alikuwa amekataa vyakula vyote, vya kwangu na vya binti zangu. Asubuhi ya tarehe 8 Machi 2016 Sista aliniomba ruhusa ya kuingia jikoni. Alichukua nyama ya kuku ya kusaga, akatia kitunguu thomu kingi, siki, pilipili manga na sukari, akaiviringa vipande virefu kama vidole, akaikaanga. Kwao, alinieleza, hufanywa kwa nyama ambayo sisi hatuili. Kwetu yeye ametia kuku badala yake. Mume wangu alikula vitatu.

"Hii nini?" akauliza.

"Longganisa, Baba."

Akaomba cha nne. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia mkononi, na katikati ya furaha ile neno likanikwama sikioni. Kwenye pakiti za soseji katika maduka ya hapa kumeandikwa kwa Kiarabu naqaniq, na Washami wengi, watu wa Siria na Lebanoni, husema laqaniq. Nilimwuliza Sista neno lake wamelipata wapi. Alisema bibi yake alimwambia ni la Wahispania, waliowatawala zamani. Nikaandika kadi.

Nilipoisoma kadi ile barazani, tarehe 20 Machi 2016, Maalim aliinuka kitini. Nani asiyejua mapenzi yake kwa Andalusi, Hispania ya enzi za Waarabu? Alikuwa na orodha nzima ya maneno ambayo Wahispania waliyachukua kwa Waarabu, sukari, mafuta, mto wa kulalia, akiyataja kama mtu anayetaja mali ya babu yake iliyo mikononi mwa majirani.

"Wafilipino wamelipata kwa Wahispania: longaniza. Haya, na Wahispania wamelipata kwa nani? Kwetu! Laqaniq, longaniza. Tumewafundisha kuoga, tumewafundisha kula."

Akaandika kadi yake mwenyewe pale pale: *Longaniza. Soseji nyembamba ndefu ya Kihispania. Asili: Kiarabu. Hakuna shaka.*

"Maalim," nikasema, "nani kakwambia?"

Wenzangu waliangua kicheko. Yeye alihesabu maganda ya kalamu. "Sikio langu," alisema.

Sikio lake halikunitosha. Kwa wiki kumi na moja nilikwenda maktaba kila Jumanne, binti yangu akiniteremsha mlangoni anapokwenda kazini, na nikafunua kamusi za Kihispania na Kiingereza neno kwa neno, kidole juu ya mstari, kama nilivyofunzwa. Nikapata kwamba longaniza halikutoka kwa Waarabu. Kusini mwa Italia kulikuwa na nchi ikiitwa Lukania. Warumi wenyewe waliandika kwamba askari wao walijifunza chakula hiki kwa watu wa huko, na wakakiita kwa jina lao: lucanica, kitu cha Walukania. Jina lile likasafiri pande mbili. Wagiriki walilipokea, na kwa njia yao likafika kwa Waarabu, likawa laqaniq na naqaniq. Upande wa pili likashuka katika Kilatini cha watu wa kawaida mpaka Hispania, likawa longaniza. Na Wahispania, kwa kuwa soseji ile ni ndefu, wakasikia ndani yake neno lao la urefu na kusahau nchi iliyokuwamo. Kutoka hapo likavuka bahari hadi Ufilipino. Hata soseji tunayoisema sisi ina nduguye katika Kihispania, salchicha, lakini hilo ni la ukoo mwingine, lililotokana na neno la kutia chumvi. Na kamusi kubwa ya Kiarabu, niliyoiacha mwisho kwa kuiogopa, ilisema waziwazi kwamba laqaniq ni neno lililoingia kutoka nje.

Nilikaa maktaba siku ile muda mrefu baada ya kumaliza. Watu wanakula jina la nchi ambayo hawaijui. Hapa Maskati sisi huitwa Wazanjibari. Kule tulikotoka tuliitwa Wamanga, watu wa Oman. Nilihisi kwamba neno lile nalifahamu kuliko wengi.

Kadi yangu ya pili niliiwasilisha tarehe 5 Juni 2016. Maalim aliisoma mara mbili.

"Kamusi hizi zimeandikwa na watu wasiotupenda, Bi Zuwena."

"Na ya Kiarabu je, Maalim?"

Alichukua kadi yake ya "Hakuna shaka", akaipiga mstari mmoja kwa kalamu ya risasi, akaweka yangu nyuma yake. Hakunisifu, na mimi sikutaka sifa. Nilidhani mstari ule ndio sifa yenyewe.

Mume wangu alifariki tarehe 2 Novemba 2017. Baraza nayo ikapungua watu, kisha ikafungwa. Kitabu kilitoka mwaka 2021. Maalim aliniletea nakala kwa mkono wake, imefungwa kwa karatasi ya maua. Ukurasa wa mia na kumi na mbili ulikuwa na neno longaniza, na safari yake yote, Lukania, askari, Wagiriki, Waarabu, Hispania, kwa mpangilio ule ule niliouandika mimi. Kisha yakafuata maneno haya: *Bibi mmoja katika wanafunzi wangu, kwa mapenzi yake kwa Waarabu, alidhani neno hili ni la Kiarabu na akasema halina shaka. Nilimwelekeza kwenye kamusi, naye akaridhika.*

Nilisoma mpaka mwisho wa ukurasa, nikarudi juu. Angeniacha nje kabisa, ningesikitika nikanyamaza. Wanawake wa rika langu tumezoea. Lakini alichukua nilichokijua akakivaa, na ujinga wake akaniachia mimi.

Nilikwenda Qurum siku ya pili yake.

"Maalim, ukurasa wa mia na kumi na mbili."

"Umeusoma? Mzuri."

"Umenipa kosa lako."

Alitazama kisahani chake cha maganda. "Kitabu si kadi, Bi Zuwena. Msomaji anataka kisa. Mwanafunzi akikosea, nani atamcheka? Ndiyo kazi ya mwanafunzi. Mie nikikosea, katika umri huu, wataanza kupekua na mengine yote."

"Na mie wakinipekua?"

"Wewe hujatajwa jina. Nimekusitiri."

Neno hilo, *nimekusitiri*, ndilo lililonipeleka kwa jumuiya yetu ya Kiswahili, iliyokichapa kitabu. Barua yangu ya malalamiko ina tarehe 9 Februari 2022. Niliomba jambo moja tu: ukurasa ule usahihishwe, iandikwe nani alikosea na nani alisahihisha. Jumuiya ilinizungusha karibu miaka miwili. Mwenyekiti alisafiri, mwenyekiti alibadilika, faili lilihamia Maskati mjini na kurudi. Watu nao hawakunyamaza. Binti zangu waliniomba niache. Katika arusi moja Mabela nilisikia nyuma yangu, "Nyamazeni, Bi Soseji kaja," na mwingine akajibu, "Mwambieni leo biriani, hakuna kesi." Mwanamke niliyesoma naye darasa moja aliniuliza kwa huruma ya kweli, "Bi Zuwena, mtu aliyekushika mkono wenye chaki unampeleka kwa watu kwa ajili ya nyama ya Wazungu?" Nilimwambia hakunishika mkono, tarehe aliichora hewani nikaiandika mwenyewe, na tofauti hiyo ni kubwa. Hakunielewa. Nilikwenda nyumbani nikalia, si kwa ajili ya kejeli, bali kwa sababu siku nyingine nilikuwa nikimkosa Maalim katika Alkhamisi zangu, na hakuna mtu ambaye ningeweza kumwambia.

Tuliitwa tarehe 14 Januari 2024, saa nne asubuhi, katika chumba cha mikutano cha jumuiya. Nilikuwa sijamwona kwa zaidi ya miaka miwili. Aliingia kwa mkongojo, amechakaa, kanzu imempwaya mabegani, na kwapani mwake kisanduku cha viatu. Mwenyekiti mpya, kijana wa kiasi cha miaka arubaini, alimwambia kwa heshima kwamba hakulazimika kuleta chochote. Neno lake lingetosha.

"Halitoshi," Maalim akasema.

Akafungua kisanduku, akatoa kadi mbili, akaziweka mezani. Ile yake, na mstari wake wa kalamu ya risasi juu ya "Hakuna shaka". Na yangu nyuma yake. Ningekuwa mimi ningeichoma moto ile ya kwanza miaka mingi nyuma, na nadhani kila mtu mle chumbani angeichoma. Yeye aliweza kuwadanganya wasomaji wa kitabu; kadi hakuweza kuichana.

"Kosa langu," alimwambia mwenyekiti. "Sahihisho lake yeye. Andika hivyo."

Hakunitazama. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi, nina karatasi saba mkobani, kila moja na tarehe yake. Sikuhitaji hata moja. Nilihisi nimeshinda, na ushindi ule ulikuwa mkavu mdomoni.

Mwenyekiti aliandika tamko la mapatano kwenye kompyuta, akalichapa, akaanza kulisoma kwa sauti. Alipofika kwenye sanad, Maalim aliinua mkongojo kidogo.

"Hapo pasome pole pole."

"*Maelezo haya yametolewa na Bibi Zuwena,*" akasoma mwenyekiti, na jina langu kamili likafuata, la baba na la babu, "*ambaye alilisikia neno kwa mtumishi wake wa nyumbani.*"

"Nani kakwambia?" Maalim akaniuliza. Sasa alikuwa akinitazama.

"Ndivyo nilivyoandika kwenye kadi, Maalim. Na kwenye barua."

"Nimeona. Mwaka ule nilikupokelea hivyo kwa kuwa mumeo mgonjwa. Mtumishi ni kazi. Jina lake nani?"

"Tukimwita Sista."

"Sista wote huitwa Sista."

Mwenyekiti akatabasamu, akiamini ni mzaha wa wazee. "Basi, Bi Zuwena, utupe jina tu, ntaliongeza sasa hivi."

Nilifungua mkoba. Tarehe zake zote ninazo. Alifika kwetu tarehe 17 Agosti 2015. Alipika chakula kile tarehe 8 Machi 2016. Tarehe 2 Novemba 2017 yeye ndiye aliyefunga macho ya mume wangu, kabla mimi sijawahi. Alirudi kwao tarehe 30 Novemba, na nikampa shanga na kitambaa, na akanibusu mkono. Kitambulisho chake kilikaa kwa mwanangu, na baadaye kwa wakala, na wakala alikwisha kufunga ofisi. Niliona jina lake mara moja, kwenye pasipoti, refu, likianza kwa M au kwa N. Sikulisoma mpaka mwisho. Nilikuwa nimekwisha kujua kusoma wakati huo.

"Silijui," nikasema.

Maalim alishusha macho, naapa hakufurahi. Alitafuta maganda ya kalamu mezani kwa kidole, na mezani hapakuwa na maganda.

"Niandike *mtumishi* basi?" mwenyekiti akauliza.

"Hapana," tukasema sote wawili kwa pamoja.

Akaacha nafasi. Akachapa upya nakala tatu, na katika kila nakala, baada ya maneno *ambaye alilisikia neno kwa*, pakabaki mstari mtupu wa urefu wa jina. Maalim alitia saini. Mimi nikatia saini. Saa tano na robo mwenyekiti akachukua muhuri wa jumuiya, akatafuta mahali pa kuugonga, na kwa kuwa karatasi ilikuwa imejaa, akaugonga kwenye nafasi ile.